Nilivyolisoma Pipa la Dawa ya Josho

Jirani yangu hapa Makoko, Musoma, amenunua ng'ombe wa maziwa, na kila Jumamosi asubuhi humpulizia dawa ya kupe kwa bomba la mgongoni. Upepo wa ziwa huichukua ile harufu na kuniletea mpaka jikoni. Juzi ilinikuta na kikombe cha uji mkononi. Niliweka kikombe chini, nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika. Mjukuu wangu akadhani nimeshikwa na malaria, nikamwambia ni uzee tu. Nilimdanganya. Harufu ile inanichefua tangu nikiwa darasa la sita, na kinachonichefua hasa si dawa. Naomba niwaambie ninyi, kwa kuwa watu wa nyumbani wamenizoea kama mwalimu mstaafu mwenye heshima zake, na sijui kwao ningeanzia wapi.

Tuliishi katika kijiji kimoja kati ya Bunda na Butiama, kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa kwa mistari kama mahindi ya shule. Watu walikuwa wametolewa vilimani, na kila mmoja alikuja na ng'ombe wake na manung'uniko yake. Josho tulijijengea wenyewe: shimo refu la saruji, njia nyembamba ya kuingilia upande mmoja, ngazi za kutokea upande wa pili, na kibanda cha mabati cha kuwekea dawa. Ng'ombe anajitupa ndani, anazama mpaka masikio, anaogelea huku macho yamemtoka, anapanda ngazi akichuruzika maji yenye rangi ya maziwa yaliyoharibika. Siku ya josho kijiji kizima kilinuka dawa, mavi na manyoya mabichi. Sisi watoto tuliipenda siku hiyo kuliko sikukuu.

Mtunza josho alikuwa Magesa, mdogo wake baba, yaani baba yangu mdogo. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa, na alikuwa na kigugumizi. Neno moja lingeweza kumchukua muda wa mtu kufunga kamba za viatu vyote viwili. Watu hawakuwa na muda huo, kwa hiyo walimmalizia. Walimmalizia vibaya, yeye akatikisa kichwa na kuanza upya, wakammalizia vibaya tena, mwisho akanyamaza na kwenda zake. Kijiji kikakubaliana kwamba Magesa ni mjinga. Si mjinga mbaya, walisema, ni mjinga wa kutumwa.

Kisomo cha watu wazima kilipofika kwetu alihudhuria bila kukosa, akitoka machungani na vumbi lake. Lakini mtihani ulikuwa kusimama mbele ya watu na kusoma kwa sauti. Alisimama. Msimamizi akamngoja kidogo, akatazama saa, akaandika kwamba huyu hajui kusoma. Siku ile baba mdogo alirudi nyumbani, akachuchumaa nyuma ya zizi, akaandika udongoni kwa kijiti sentensi nzima ya kile kitabu cha kisomo, herufi zimenyooka kuliko zangu. Kisha akaifuta kwa unyayo. Mimi nilimwona. Sikumwambia mtu, kwa sababu ilikuwa raha kuwa msomi peke yangu pale nyumbani.

Maana mimi nilikuwa kinyume chake. Nilikuwa na paji kubwa la uso, na wazee walisema humo ndimo akili zinamokaa. Nilisema haraka haraka. Kiingereza tulifundishwa kwa kuitikia darasa zima, nami nilikisoma bila kukwama popote, huku nikielewa neno moja katika kumi. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama naelewa. Wageni wakija shuleni, mwalimu mkuu alinisimamisha nisome ukurasa mzima, nao wakapiga makofi wakiambiana kwamba kichwa hiki kitafika mbali.

Ajabu ni kwamba watu wetu hawakuwa wajinga wa kuchagua. Mpeleke mtu wa kwetu mnadani umwonyeshe mtamba. Ataangalia kwato, atavuta ngozi, atamtembeza, atauliza mama yake alikamuliwa kiasi gani. Humdanganyi kwa mlio. Lakini walipompima binadamu walisikiliza mlio tu. Bwana mifugo aliyekuwa akitujia kutoka Bunda alikuwa na kalamu nne mfukoni, na kijiji kilimhesabia akili nne. Bibi yangu, mama yake baba, alipenda kusema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wanawe wakubwa walimjibu kwamba basi Magesa alizaliwa na upara. Nilicheka sana, na nilikuwa nimekaa karibu na Magesa mwenyewe, tunakula sahani moja.

Nitawaambia alichokuwa anajua huyo mwenye upara. Alikuwa na kijiti kirefu alichokikata alama. Alikichovya joshoni, akaona maji yamepungua alama ngapi, akajua aongeze maji kiasi gani na makopo mangapi ya dawa. Kisha alichovya kidole, akakisugua, akanusa. Kesho yake alipita mazizini akigeuza masikio ya ng'ombe kuona kama kupe wameanguka au wameng'ang'ania palepale. Aliwanywesha ng'ombe wote mtoni kwanza, ili wasifike na kiu wakanywa maji ya josho. Hayo yote hakuna aliyemfundisha, na hakuna aliyeyahesabu kuwa elimu.

Palikuwa na desturi pia. Mtunza josho huanza na ng'ombe wake mwenyewe, ndipo wa watu wafuate. Haikuandikwa popote, lakini isingevunjwa. Ilikuwa ili siku dawa ikiharibika asije mtu akasema huyu ameua mali za wenzake na zake akazificha.

Mwaka ninaousema baba mdogo alikuwa na ng'ombe sita. Watatu alipewa na baba yangu, watatu aliwapata kwa kuchungia watu miaka mingi. Walikuwa ng'ombe wa mahari. Umri wake ulikuwa umeshapita thelathini, wenzake wa rika wana watoto watatu watatu, na hatimaye alikuwa amepata mchumba Butiama. Baba wa binti alikuja kwetu kuwaona ng'ombe, akazunguka zizi pamoja na Magesa, wakagusa migongo bila kusema mengi, akaondoka ameridhika. Walikubaliana ng'ombe wapelekwe wiki inayofuata. Baba mdogo alitaka wafike Butiama wasafi, bila kupe hata mmoja. Wiki ile aliwapa majani kwa mkono wake, na kila jioni alizunguka akiwahesabu, nadhani kwa furaha tu.

Dawa ya zamani ilikuwa imekwisha. Siku mbili kabla ya josho, lori lilishusha pipa jipya. Halikuwa kama la mwanzo: rangi yake nyingine, maandishi yake yote ya Kiingereza, madogo madogo. Bwana mifugo hakuja nalo. Alituma ujumbe tu kwamba dawa itumike.

Asubuhi ya josho ng'ombe wa kijiji walijaa uwanjani, vumbi juu, wachungaji wanapigiana miluzi. Baba mdogo alifungua pipa, akanusa, akalifunga. Akalifungua tena, akachota tone, akalichanganya na maji kwenye ndoo, akayatazama yale maji kwa muda mrefu. Kisha akamwendea mwenyekiti wa kijiji. Ilimchukua muda, lakini alimweleza: dawa hii siyo ile, ni kali zaidi, tutie kidogo, tupitishe dume moja zee, tungoje mpaka kesho.

Mwenyekiti alikuwa mtu mwenye haraka na kofia. Aliwatazama ng'ombe, akalitazama jua.

"Wewe Magesa, umeanza lini kusoma Kiingereza?" akamwuliza. "Dawa si inakuwaga na maelezo yake? Huyo mtoto wa kwenu anasomaga kama mzungu. Aitwe."

Nilikuwa nimekaa juu ya ukuta wa josho, naning'iniza miguu. Sikungoja kuitwa mara mbili. Walinisimamisha mbele ya pipa, watu wakanyamaza, hata wachungaji. Nikasoma. Nilisoma kuanzia juu mpaka chini, kwa ile sauti ya kusomea wageni, nikipandisha na kushusha mahali nilipoona panapendeza. Maneno yalikuwa marefu na sikuyajua hata moja, lakini niliyapita yote bila kukwama. Nilipomaliza, wanawake walipiga vigelegele. Mama yangu alijifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Sasa inasemaje?" mwenyekiti akauliza.

Nimeishi na swali hilo zaidi ya miaka arobaini. Ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi, hata baba mdogo angelimaliza upesi. Lakini makofi yalikuwa bado masikioni mwangu, na kule chini ya maandishi niliona tarakimu, moja na mbili zimesimama pamoja. Nikasema tutie makopo kumi na mawili kwa kila alama ya kijiti. Nilisema vizuri, kwa utulivu, kama mtu anayerahisishia watu jambo gumu.

Baba mdogo alikuwa akitia makopo matatu tu ya ile dawa ya zamani kwa kila alama. Akanyoosha mkono.

"Ha-ha-harufu yake," akaanza. "Ha-harufu..."

"Baba mdogo," nikamkatiza, "harufu haisomwi."

Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilikuwa nimemjibu mtu mzima, ndugu ya baba yangu, mbele ya kijiji, na badala ya kuchapwa nikachekewa. Naikumbuka raha yake. Hiyo ndiyo inayonipanda kooni nikisikia ile harufu.

Mwenyekiti akamwambia Magesa amimine, na kama hataki aseme, apelekwe Bunda akaeleze kwa nini anakwamisha maendeleo. Maji yalikuwa yamepungua alama moja. Akamimina. Nilimhesabia kwa sauti, kijiji kizima kikisikiliza: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili. Alipomaliza aliomba apitishe ng'ombe mmoja tu kwanza. Wakamwambia sasa anaficha wa kwake, na kama yeye haanzi na wote basi wao wataanza. Wengine walikuwa wameshawasogeza ng'ombe wao mlangoni. Akawatazama wale ng'ombe wa watu, akawatazama sita wa kwake. Kisha akawaingiza mmoja mmoja, akiwaita kwa majina. Kuita ng'ombe hakukuwahi kumpa kigugumizi.

Wa sita alipopanda ngazi, baba mdogo alivuta miti ya mlango akaifunga, akajibanza mbele yake, mikono ameishika miti nyuma ya mgongo.

"Ngo-ngojeni," akasema. "Ngojeni ki-kidogo."

Walimvuta. Mtu mmoja alimpiga fimbo begani, mwingine akamwita mchawi. Hakuachia. Nami nilisimama pembeni nimeona aibu kwa ajili yake, fikirieni, nikimwonea aibu yeye. Sijui ulipita muda gani. Kisha mtamba mwekundu, aliyeingia wa kwanza, akaanza kutetemeka kule malishoni. Povu likamtoka puani. Akatembea kama mlevi, akapiga magoti, akaanguka ubavu, miguu ikipiga hewa. Wa pili akafuata. Mpaka adhuhuri walikuwa wamekufa wanne, na jioni jua likizama wote sita walikuwa wamelala palepale, ndimi nje. Katika ng'ombe wote wa kijiji hakufa mwingine hata ndama.

Mngetegemea nini? Kwamba watu wangemshika mkono yule mtu na kumshukuru? Waliizunguka mizoga kwanza. Halafu mmoja akasema kwamba Magesa lazima alipima vibaya. Niliona jinsi neno lile lilivyozunguka, kila mtu analipokea kutoka kwa mwenzake na kunywa lake, kama kata ya pombe. Wote walinisikia nikihesabu. Lakini kulikubali hilo ni kukubali kwamba wazee wazima walimfuata mtoto kwa sababu ya sauti yake nzuri. Kumlaumu mjinga kulikuwa rahisi, maana hiyo ndiyo kazi ya mjinga katika kijiji.

Bwana mifugo alikuja siku ya tatu na pikipiki yake. Alilisoma pipa kimyakimya, akatikisa kichwa, akasema dozi ilizidi mno. Akauliza nani alipima. Wakamwonyesha. Akamwambia Magesa aeleze. Baba mdogo akaanza, na bwana mifugo akachomoa kalamu ya kwanza ikakataa kuandika, ya pili ikakataa, ya tatu ikaandika, na baba mdogo alikuwa bado yuko kwenye neno la kwanza. Bwana mifugo akaguna. Akanigeukia mimi.

"Wewe binti unaonekana una akili. Hebu eleza."

Nikaeleza. Nilisema nilisoma makopo mawili, na kwamba baba mdogo aliongeza mwenyewe kwa kuwa hajui kuhesabu. Nilisema kwa Kiswahili safi, mikono nyuma, kama tulivyofundishwa kumjibu mkaguzi. Wanakijiji walikuwa wametuzunguka, watu walewale walionisikia nikifika kumi na mbili. Mwenyekiti aliangalia kofia yake. Baba yangu aliangalia ardhi. Bibi peke yake alitema mate chini akaondoka, na wakati ule nilidhani amemtemea Magesa. Bwana mifugo akaandika.

Baba mdogo alinyang'anywa josho. Kutoka Butiama ulikuja ujumbe wa adabu kwamba binti bado mdogo, na kabla pamba ya msimu ule haijachumwa tukasikia ameolewa kwingine. Magesa hakugombana na mtu. Alifunga blanketi lake, akaenda Guta kufanya kazi kwa wavuvi. Mimi nilipomaliza la saba nilichaguliwa kwenda sekondari Musoma, mtoto wa kike wa kwanza kijijini. Walinichinjia mbuzi. Mwenyekiti alitoa hotuba, akasema akili za mtoto huyu tulizijua tangu siku ile alipolisoma pipa. Watu wakapiga makofi. Nilikula ile nyama nikashiba.

Nilikaa na jambo hilo mpaka nikamaliza kidato cha nne. Hapo ndipo nilipoona nimekuwa mtu wa kutosha kwenda kuungama. Niliandika maneno yangu kwenye daftari, nikayakariri njia nzima, nikaenda Guta. Nilimkuta baba mdogo akianika dagaa juu ya mawe, amekonda, nywele zimeanza mvi, bado hajaoa. Alinisalimia vizuri, akaniulizia bibi. Nikasimama mbele yake nikatoa ungamo langu, na lilikuwa zuri. Lilikuwa na mwanzo na mwisho. Mahali pa kulia nililia. Ninapolikumbuka leo nasikia kinyaa kuliko hata siku ya josho, kwa sababu pale nilikuwa mtoto, na hapa nilikuwa mtu mzima aliyekuja kusikilizwa tena.

Alinisikiliza huku akigeuza samaki. Nilipomaliza aliacha samaki, akaniuliza. Ilichukua muda, nami kwa mara ya kwanza maishani sikummalizia.

"Ya-yale maandishi," akasema. "Ku-kumbe ya-yalisema nini?"

Hakuwa anataka msamaha wangu. Kwa miaka yote ile, kando ya ziwa, alikuwa anataka kujua pipa lilisema nini, dawa ile ilitakiwa makopo mangapi, na kama pua yake ilikaribia au ilikosea. Pipa lenyewe lilikuwa limekatwa na kunyooshwa likawa mlango wa kibanda cha jirani kule kijijini, maandishi yakitazama njiani. Nilipita pale kila likizo, na Kiingereza changu kikiwa kimeshakuwa cha kueleweka, na sikuwahi hata mara moja kusimama na kusoma. Halikunijia kabisa wazo kwamba yale maneno yalikuwa na jambo ndani yake. Sasa yalikuwa yameliwa na kutu. Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote, na nawaambia kweli, katika ukoo wetu mwenye kiu ya kujua alikuwa mmoja, naye waliandika kwamba hajui kusoma.

"Sijui, baba mdogo," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. Hakurudi kwenye samaki wake. Alibaki amenitazama mdomoni, mtulivu, hana haraka yoyote, akidhani kwamba nina maneno mengine na yamenikwama, na kwamba nikipewa muda yatatoka.